Nyamaza, Mama

Siku tuliyomzika mke wangu nilisema maneno mawili tu mbele ya watu. Nilisema, "Nyamaza, mama." Maneno hayo yalinifungia njia ya kwenda kwenye kaburi lake kwa miezi minane.

Tulimzika kwao, Busiu, karibu na Mbale huku Uganda, nyuma ya nyumba ya mama yake, pale migomba inapoishia na shamba la mahindi linapoanza. Kwa desturi mke huzikwa kwa mumewe. Lakini kwetu ni Voi, Kenya, mbali sana kwenye barabara hii hii ya malori, na mke wangu aliniomba mwenyewe akiwa na akili zake timamu: "Usinipeleke mbali na mama." Nikakubali. Sikujua kwamba kwa kukubali nilikuwa naliweka kaburi lake mikononi mwa mtu ambaye desturi hainiruhusu hata kumtazama usoni.

Kwa Wagisu, kabila la mke wangu, mwanamume na mama mkwe wake hawakai pamoja. Hawashikani mikono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Katika miaka kumi na minne ya ndoa nilimwona mama mkwe wangu kwa mbali, mgongo zaidi kuliko uso. Nikiwa uani naye ndani, salamu zetu zilipita kwa mke wangu, ambaye alizitoa kwenye Kiswahili changu akazitia kwenye Kigisu chao, na kuzirudisha. Mama alituma ndizi, mimi nilituma sukari na sabuni. Tulielewana vizuri kwa namna hiyo.

Siku ya mazishi mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na udongo wa ukingoni mwa kaburi ulikuwa unateleza. Jeneza lilipoanza kushuka, mama alichomoka katikati ya wanawake akaja mpaka ukingoni, akapiga magoti kwenye tope. Alilia kwa sauti ambayo sijui niifananishe na nini. Haikuwa na maneno ndani yake. Aliyekuwa karibu naye ni mimi. Nikamshika mkono, na hilo lilikuwa kosa la kwanza. Kisha nikamwambia, "Nyamaza, mama. Nyamaza."

Akanyamaza palepale. Sauti haikupungua kidogo kidogo kama ya mtu anayefarijiwa. Ilikatika kama redio iliyochomolewa waya. Akanitazama usoni, akautoa mkono wangu kwenye wake, akasimama wima, akaenda ndani. Hakutoka tena mpaka nilipoondoka jioni.

Nami, Mungu anisamehe, nilijisifu moyoni. Kwetu mtu akilia unamwambia nyamaza, na maana yake ni kwamba upo naye. Nilidhani nimepewa neno la faraja na limefanya kazi.

Nilirudi Bugembe, karibu na Jinja, kwenye kibanda changu kando ya barabara kuu. Mimi hushona maturubai ya malori. Turubai likipasuka njiani, dereva anayepita kwenda Kampala au kurudi Malaba mpakani husimama kwangu, tunalitandaza chini, nami nalishona kwa sindano ya magunia na uzi wa nailoni uliopakwa nta. Kiganjani navaa kipande cha ngozi cha kusukumia sindano. Shule niliishia darasa la saba. Kazi hii haihitaji maneno mengi, na maneno yake yote ni ya aina moja: shika, vuta, kaza, achia, geuza, leta uzi. Kwa miaka mingi sikuona tofauti kati ya kuzungumza na turubai na kuzungumza na watu.

Mke wangu aliiona. Alikuwa akiniambia, "Kiswahili chako kimevaa buti."

"Leta chai," ningesema.

"Ndiyo, afande!" Naye angepiga saluti, birika likiwa mkono wa pili.

"Acha mchezo, mama. Leta chai."

"Hizo sasa ni amri mbili, afande. Acha, leta. Nianze na ipi?"

Tulicheka. Alikuwa mcheshi, na Kiswahili alijifunza kwangu, kwa hiyo makosa yake mengi ni yangu. Lakini sikuwahi kumuuliza kwa nini mzaha wake, kila mara, ulikuwa wa askari.

Alipougua figo tulikaa hospitali ya Jinja wiki tatu. Mchana mmoja muuguzi aliniachia vidonge viwili nimpe. Hakuvitaka, akageuza uso. Nikamwinua kichwa, nikamwambia, "Meza." Akameza. Kisha akalala, na baada ya saa moja alikuwa ameondoka. Watu huuliza ni neno gani la mwisho mlilosemezana, wakitumaini kusikia jambo zuri. Mimi hujibu kwamba sikumbuki. Nakumbuka. Ni hilo.

Mwezi mmoja baada ya mazishi nilinunua kopo la rangi nyeupe kwa ajili ya msalaba wa mbao, nikasafiri hadi Busiu. Nilipofika kituoni nilimkuta shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye huuza vitenge sokoni Mbale. Nilikuwa nimempigia simu kumwambia nakuja, naye alikuwa ameamka mapema ili anikute kabla sijashika njia ya nyumbani.

"Shemeji, usifike nyumbani," akasema.

"Kuna nini? Mama anaumwa?"

"Haumwi. Amekataa."

"Amekataa nini?"

Alitazama kopo la rangi. "Amesema, yule askari asije tena kwangu."

"Askari gani?"

"Wewe."

Nilicheka. Nilifikiri ni mzaha wa ukoo, kwamba yeye na dada yake wana mzaha mmoja. Shemeji hakucheka. Alichukua kopo mkononi mwangu, akaniambia atapaka yeye, akaniacha nimesimama pale na burashi.

Niliporudi Bugembe nilifanya nilichodhani ni kazi ya Mkristo: niliamua kuomba msamaha, ingawa sikujua kosa. Nilirekodi sauti kwenye simu, mara tano, mpaka nikaridhika, nikaituma kwa shemeji ili amsikilizishe mama. Kwa wiki nzima hakuna jibu. Nikaenda Mbale, nikamfuata sokoni.

Alinipa kigoda nikae kati ya marundo ya vitenge. "Sauti yako niliifungua," akasema. "Mama aliinuka akaenda shambani kabla haijafika katikati."

"Nilisema jambo gani baya?"

Alitoa simu, akaifungua ile sauti yangu hapo hapo, mbele ya wateja. Nikajisikia: "Mama, sikiliza. Nisamehe. Niruhusu nije."

Akaizima. "Sikiliza. Nisamehe. Niruhusu. Shemeji, wewe hata ukipiga magoti unatoa amri."

Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini, huku akikunja na kukunjua kitenge kilekile. Zamani, katika miaka ya utawala wa wanajeshi, kabla yeye mwenyewe hajazaliwa, askari walikuja mchana nyumbani pale Busiu. Mama alikuwa ameolewa karibuni, na kaka yake mkubwa alikuwa amekuja kumtembelea. Askari walisema Kiswahili cha jeshi, hawakujua Kigisu, na mama hakujua Kiswahili. Siku hiyo alijifunza amri tatu: toka, lala chini, nyamaza. Walimpakia kaka yake garini. Mama akalia. Askari mmoja akamgeukia na bunduki akamwambia, "Nyamaza." Akanyamaza. Gari likaondoka, na kaka hakurudi, wala maiti yake haikuletwa, kwa hiyo hakukuwa na siku ya kumlilia.

"Amekaa na kilio kile mpaka amezeeka," shemeji akasema. "Siku ya kumzika dada ndipo kikatoka. Cha watu wawili, nadhani. Na wewe ukaja ukamshika mkono ukamwambia neno lilelile, kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha wale. Sisi hapa Kiswahili chetu ni cha soko, tunakivunjavunja, hakimtishi mtu. Chako ndicho kinachomtisha."

Nilimsaidia kufunga vitenge, nikaondoka.

Mwaka ukageuka, Kwaresima ikafika. Kanisa letu pale Bugembe ni dogo, la mabati, na ibada ya Kiswahili ni ya wachache: madereva waliolala njiani, Wakenya wenye vibanda, na wake zao. Mwinjilisti wetu ana desturi ya kumtaka kila mtu aseme atafunga nini. Mama mmoja akasema sukari. Fundi baiskeli akasema pombe, watu wakaguna. Zamu yangu ilipofika nikasimama.

"Nitafunga amri," nikasema.

"Amri Kumi?" mtu akauliza nyuma, na kanisa zima likacheka.

"Za Mungu nitazishika," nikajibu. "Nafunga zangu."

Mwinjilisti hakucheka. Aliniuliza maana yake, nikasema kwamba kwa siku arobaini sitamwambia mtu yeyote fanya hivi au fanya vile. Nitaomba, au nitauliza, au nitafanya mwenyewe. Akaandika kwenye daftari lake, akasema, "Umechagua mlima."

Ulikuwa mlima kweli. Siku ya kwanza nilivunja mfungo kabla ya saa mbili asubuhi, nikimwambia mbuzi wa jirani, "Toka!" Nikajiuliza kama mbuzi anahesabika, nikaamua anahesabika, maana mdomo ni uleule.

Kazini ilikuwa vichekesho. Dereva mmoja wa Eldoret, mtu mwenye maneno mengi, alikuja na turubai lililochanika kutoka pembe hadi pembe. Tukalitandaza. Nikamwambia, "Naomba, ndugu yangu, ukiweza, uvute kidogo upande wako."

Akasimama akanitazama. "Nikiweza? Fundi, kwani unanitongoza?"

"Nakuomba tu."

"Wewe kawaida unanifokea kama mkwe wangu. Ama umeoa tena, fundi? Huyu bibi mpya amekulainisha!"

Nikainamia sindano. Jirani yangu, mzee Mwislamu anayeuza kamba kibanda cha pili, akamwambia polepole, "Mke wake tulimzika Agosti." Dereva akavua kofia. Akavuta turubai upande wake kwa nguvu zake zote mpaka kazi ikaisha.

Mzee huyu wa kamba alinifuatilia mfungo wangu kama mtu anayefuatilia mpira. "Sisi tunafunga chakula," alisema. "Wewe umefunga sarufi. Na mfungo wako ni mgumu kuliko wetu, maana hauna magharibi ya kufuturu."

Alisema kweli. Lakini yapo mambo niliyojifunza, na nayaandika hapa kwa sababu sikuyajifunza kwenye mahubiri. Nilijifunza kwamba ukizuiwa kuamuru, lazima kwanza umtazame mtu ili ujue kama anaweza kufanya unalotaka. Niliona madereva wangu kwa mara ya kwanza: yupi ana bega bovu, yupi hajala. Nilijifunza pia kwamba nusu ya amri zangu hazikuwa na kazi. Turubai lilishonwa vilevile. Na jioni, nilipokuwa peke yangu na birika, nilijikuta nikisema kwa sauti, "Naomba chai," kwa mtu ambaye hakuwepo. Hilo halikunifariji. Lilikuwa limechelewa miaka kumi na minne. Lakini niliendelea kulisema kila jioni, kwa sababu nilikuwa nimeahidi.

Jumapili ya nne mwinjilisti alisoma habari ya Bwana katika mashua, mawimbi yakiingia, naye akaamka na kulikemea ziwa. Neno aliloliambia ziwa ni nyamaza. Nimelisikia somo hilo tangu utotoni na sikuwahi kusimama kwenye neno hilo. Tulikuwa kilomita chache kutoka Wanyange, ambako ziwa letu lipo, na siku hiyo upepo wake ulikuwa ukigongagonga mabati yetu. Nikafikiri: neno lile aliliambia maji na upepo. Yule mjane wa Injili aliyekuwa akimzika mwanawe wa pekee, Bwana hakumkemea. Alimhurumia kwanza, na alipomwambia asilie, tayari alikuwa anaelekea kumrudishia mwanawe. Mimi sikuwa na kitu cha kurudisha. Mimi nilimkemea mama kama ziwa.

Wiki mbili baada ya Pasaka shemeji akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa nyepesi.

"Shemeji, mama amekubali uje."

Nikakaa chini juu ya turubai. "Amekubalije?"

"Nimemweleza. Nimemwambia kwamba Kiswahili cha Kenya si cha askari. Kwenu nyamaza ni kama pole. Ni tofauti ya lugha tu. Amefikiri siku tatu, akasema kama ni hivyo, basi. Kwa hiyo ukija useme vilevile: 'Neno lile kwetu ni pole.' Basi, unaenda kaburini."

Nilimshukuru sana. Nilikata simu, nikabaki nimeishika, na furaha ikaanza kuchacha kabla sijainuka.

Maana nilijua ukweli wa siku ile. Ni kweli kwamba kwetu nyamaza ni neno la faraja. Nimeambiwa hivyo na mama yangu mara nyingi. Lakini pale ukingoni, kwenye tope, sikuwa namfariji mtu. Watu walikuwa wakitutazama. Kilio cha mama kilikuwa kimefika mahali ndani yangu ambapo changu kilikuwa kimefungwa, na kilikuwa kinavuta. Nilitaka sauti ile ikome. Nilimwamuru. Askari yule na mimi tulitofautiana kwa mengi, lakini tulitaka kitu kimoja.

Nilimweleza mzee wa kamba. Akakuna ndevu. "Shemeji yako amekupa njia. Pita. Si uongo."

"Si kweli yote."

"Kweli yote anaijua Mungu. Wewe unataka kaburi au unataka kushinda kesi dhidi yako mwenyewe?"

"Nataka kaburi."

"Basi funga mdomo," akasema, halafu akacheka. "Samahani. Naomba ufunge mdomo."

Nilikaa na maneno yake siku mbili. Nilikuwa nalitaka kaburi lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Lakini kila nilipojiona nimesimama mbele yake, nimefika kwa maneno yale mazuri ya shemeji, niliona kwamba nitakuwa nimemwambia mama nyamaza mara ya pili. Alichokisikia siku ile alikisikia sawasawa, na mimi ningemwambia amekosea kusikia. Nikaamua. Kama atanifukuza, anifukuze kwa kweli yangu. Kopo jingine la rangi nililokuwa nimenunua nililibeba hata hivyo.

Nilifika Busiu saa nne asubuhi. Shemeji alikuwa ameweka kigoda nje ya mlango, na pazia la kitenge likiwa limeshushwa mlangoni. Nilikaa nikiwa nimeupa mlango mgongo, nikitazama migomba, kama desturi inavyotaka. Mama alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Nilisikia akipeta maharage kwenye ungo. Shemeji alisimama kati yetu.

"Mulembe, mayi," nikasema. Ndiyo salamu yao, ya amani na ya mama. Shemeji alikuwa amenifundisha kwa simu.

Ungo ukasimama. "Mulembe," sauti ikajibu. Kisha ungo ukaendelea.

"Sasa sema," shemeji akanong'ona.

"Naomba umwambie mama kwamba kwetu neno lile ni la faraja. Hiyo ni kweli."

Akatafsiri haraka, kwa furaha. Ndani kukasikika mguno wa kukubali.

"Na naomba umwambie kwamba siku ile mimi sikulisema kwa faraja."

Shemeji akanigeukia. "Shemeji, ishia hapo."

"Naomba umwambie yote."

"Wewe mtu una nini? Umeshaingia boma, unataka utolewe tena? Mimi nimeteseka miezi na jambo hili!"

"Najua. Nakushukuru. Mwambie kwamba nilitaka anyamaze. Kilio chake kiliniumiza, na watu walikuwa wanatazama, nikataka kikome. Alivyosikia ndivyo ilivyokuwa. Hakukosea."

Nilikuwa nimesema "mwambie". Nililisikia likitoka, lakini halikurudishika.

Shemeji akaligeukia pazia, akasema kitu kwa Kigisu. Maneno yangu yalikuwa mengi. Yake yalikuwa manne.

"Umesema yote?" nikauliza.

Aliyejibu ni sauti ya ndani, na haikujibu kwa Kigisu.

"Mimi nasikia," mama akasema. "Mimi nasikia Kiswahili. Tangu ile miaka."

Shemeji akaziba mdomo kwa mkono. Mimi nilishika kigoda. Miaka kumi na minne mke wangu alikuwa akizibeba salamu zetu huku na huku, na huyu mama alizisikia zote mara mbili. Alizisikia buti zangu zote, pia.

"Mama," nikasema, nikiwa bado nimeupa mlango mgongo.

"Kwa nini wewe nataka mimi nanyamaza?"

"Kwa sababu mimi nilikuwa siwezi kulia, mama."

"Wewe hapana lia?"

"Sijalia."

"Hospitali?"

"Hapana."

"Hata sasa?"

"Hata sasa, mama."

Ungo ukawekwa chini. Nilisikia maharage yakitulia. Kuku wawili walipita mbele yangu, nikawafuata kwa macho mpaka wakaingia migombani, kwa sababu sikuwa na pa kutazama. Shemeji alikuwa amekaa chini kizingitini. Nilikuwa tayari kuambiwa niondoke. Nilikuwa nimeshapanga jinsi nitakavyoinuka, taratibu, na kuliacha kopo pale.

"Haya," mama akasema. "Kwenda kwa kaburi. Wewe lia. Mimi nanyamaza."

Kilikuwa Kiswahili cha kambini, chenye amri ndani yake, kama alivyofundishwa na wale askari. Niliinuka, nikatii.

Msalaba ulikuwa mweupe. Shemeji alikuwa ameupaka vizuri, na tone moja tu limedondokea udongoni. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Nyasi zilikuwa zimeanza kupanda pembeni mwa kaburi. Nilipiga magoti, na kwa muda hakukuja kitu, nikaogopa kwamba hakitakuja kamwe. Ndipo nikasikia nyuma yangu, upande wa pili wa migomba, mtu akikaa chini kwa shida ya magoti mazee. Sikugeuka. Nilijua ameketi amenipa mgongo, nami nimempa mgongo. Hakusema kitu. Hakuguna. Alinyamaza kama alivyoahidi, na katika ukimya wake nikasikia jinsi nilivyomwambia mke wangu, "Meza," na kilio kikaja.

Sitaandika kilikaa muda gani. Nilipomaliza, palikuwa na jagi la maji kwenye jani la mgomba, na aliyeliweka alikuwa amekwisha kuondoka. Nikanawa uso. Nikang'oa zile nyasi kwa mkono.

Niliporudi uani pazia lilikuwa bado limeshuka na ungo ulikuwa unafanya kazi. Shemeji akanipokea jagi. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alikuwa amekasirika kidogo pia, na alikuwa na haki.

"Mwambie mama..." nilianza, kisha nikakumbuka.

Nikaupa mlango mgongo, nikasema kwa sauti ya kutosha kufika ndani: "Mama, nyasi zinaota. Naomba nije Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nipalilie."

Ungo ukapeta mara mbili, tatu.

"Kuja na jembe," mama akasema.